Nafasi ya Kanku

Mama aliyebisha mlango wa gereji hatukumjua. Alivaa viatu viwili visivyofanana, vyote vimejaa vumbi jeusi la stesheni.

"Hapa njo fasi ya batoto banaosema mbiombio mu mashini?"

Mignonne alicheka. "Njo hapa, mama. Lakini tunasema tu, hatukimbie."

"Kanku amenituma."

Mimi na Mignonne tukamfungulia mlango wote. Kanku alikuwa mpiga kinanda wa kikundi chetu cha rap. Alizaliwa Kolwezi, na baba yake pia, lakini mwaka ule wa 1993 jina la Kikasai, la watu wa mkoa wa Kasai, lilitosha kukufanya uambiwe urudi kwenu. Familia yake ililala stesheni miezi mingi pamoja na maelfu ya wengine, na wiki iliyopita ilipata treni. Kinanda kilikwenda naye, kimefungwa ndani ya shuka.

"Aliniambia: mama, mu kaseti yetu kuko nafasi yangu. Mi sitaijaza tena. Wende uikamate weye."

Ilikuwa kweli. Albamu yetu nzima ilikuwa kwenye kaseti moja. Tangu maduka yaporwe, kaseti mpya hazikuonekana tena mjini. Tulirekodi polepole, wimbo baada ya wimbo, katika gereji ya baba yangu ambayo tulibandika kuta zake trei za mayai na kuiita studio. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo na kampuni ya migodi haikuwa ikiajiri mtu, hata wale iliokuwa nao haikuwalipa. Kwa hiyo nilishika mashine, na Mignonne alishika kipaza sauti. Nyimbo sita zilikuwa tayari. Baada ya hizo tulimwachia Kanku nafasi tupu ya wimbo mmoja, na mwisho kabisa ulikuja "Shimo", wimbo wa Mignonne, uliopigwa kinanda na Kanku mwenyewe. Ni "Shimo" uliomfanya Tata Omer, mfanyabiashara wa Lubumbashi, aahidi kuichukua kaseti, kuitolea nakala na kuiuza. Angepita alasiri ileile, lori lake likiwa njiani kurudi.

Mama alijitambulisha: Mushiya, mjane wa Mpoyi, aliyekuwa dereva wa treni za mgodini. Mpoyi alikufa palepale stesheni wakiingoja treni, kwa kuhara. Walipokwenda kumzika, vijana waliosimama njia panda waliwafukuza waombolezaji kwa mawe. Alizikwa mbiombio, bila kasala. Kasala, alitueleza, ni kuwaita wazee wa ukoo kwa majina na sifa zao, mmoja baada ya mwingine, mpaka umfikie marehemu mwenyewe na kumkabidhi kwao.

"Treni yangu ni kesho," alisema. "Ku makaburi siwezi kufika, batanipiga. Ninyi muko bana ba hapa, munaweza kupita. Mumupelekee sauti yangu. Lakini musinikate. Ukimukata mutu mbele ya kufika ku jina ya mufu, ule mufu anabaki njiani."

"Hatutakukata, mama," alisema Mignonne. "Hapa kwetu hakuna mutu anakatwa. Utasema mpaka mwisho, na tutamupelekea yote."

Nami nikaitikia. Hatukuuliza kasala ina urefu gani. Sisi tulipima maneno kwa ubeti: ubeti, kiitikio, ubeti, dakika nne, kwisha. Tulidhani kila kinachosemwa duniani kinatosha ndani ya nafasi ya Kanku.

Mama alivua viatu, akasimama mbele ya kipaza sauti, akafumba macho. Nikabonyeza kitufe.

Lugha yao hatukuijua. Tulikuwa tukingoja neno moja tu, Mpoyi. Alianza chini, kama mtu anayeita mtu aliye chumba cha pili, kisha sauti ikapanda, majina yakaanza kusukumana. Hakukuwa na ngoma, wala haikuhitajika. Niliona kichwa cha Mignonne kinaitikia chenyewe, na kila mama alipovuta pumzi, Mignonne naye alivuta.

Mashine ilikuwa na kihesabio kidogo. Nilijua tarakimu ambayo "Shimo" ulianzia, kwa sababu nilikuwa nimeiandika ukutani kwa chaki. Nilitazama tarakimu zikiisogelea na nikadhani, sasa atamaliza. Hakumaliza. Jina jingine, tena jingine, babu wa nani sijui, na Mpoyi hakutajwa.

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, nikamtazama Mignonne. Hatukuweza kusema neno, kipaza sauti kingelinasa. Aliiangalia chaki ukutani, akaangalia mashine. Alielewa. Wimbo ule usingeweza kurudiwa. Kinanda kilikuwa Kasai, na Kanku pamoja nacho. Kisha Mignonne alisogea bila kelele, akakishika kidole changu na kukiondoa.

Tarakimu ikapita.

Nilijua kila kilichokuwa kikifutika, sekunde kwa sekunde. Kwanza vidole vya Kanku, peke yake, taratibu. Kisha ubeti wa Mignonne kuhusu baba yake, anayeamka kila asubuhi na kuvaa kofia ya kazi ingawa kazi haipo. Kisha kiitikio. Mama aliendelea. Na ndipo likaja: Mpoyi. Aliliita kwa nguvu, akaliita tena kwa upole, akanyamaza.

Nikasimamisha mashine.

"Nimewachelewesha?" aliuliza mama akitafuta viatu vyake.

"Apana, mama," alisema Mignonne. "Umemaliza ku saa yake."

Tulimsindikiza mpaka barabarani. Hatukumwambia.

Tata Omer alifika na jasho lake na funguo zake. Alisikiliza mwisho wa kaseti mara mbili.

"'Shimo' iko wapi?"

"Imefutika," nilisema.

"Imefutika! Kwani nayo ni Mukasai?" Alicheka peke yake, akakunja uso. "Sikieni, batoto. Mi sikukuja kwa kilio. Mufute huyu mama sasa hivi, Mignonne aimbe tena, hata kwa kupiga meza, na mi nitakamata kaseti leo. Kesho mi siko hapa."

"Tulimwahidi," nilisema.

"Yee anaenda kesho! Nani atajua?"

Mignonne aliitoa kaseti kwenye mashine na kuiweka mfukoni mwa sketi yake. "Safari njema, tata."

Tata Omer alisimama kidogo, kama anayengoja tujirudi, kisha tulisikia lori likiondoka. Mignonne alikaa juu ya tairi kuukuu akalia. Nikakaa kando yake. Nilisoma vitabu vingi vinavyosema kuwa wema haupotei, na bado naamini hivyo, lakini siku ile sikuthubutu kumwambia.

Asubuhi tulibeba redio ya kaseti kwenda makaburini. Pale njia panda vijana walituuliza majina. Tuliyataja, wakatupisha, mmoja hata akanipiga bega kwa urafiki. Bega lile liliniwasha njia nzima.

Kaburi la Mpoyi lilikuwa udongo mwekundu na kipande cha ubao chenye jina lake. Mignonne alipiga magoti, akaiweka redio juu ya udongo na kuiwasha. Sauti ya mama ikatoka, ndogo mahali pale peupe. Majina yakapita. Ilipofika mahali ambapo wimbo wake ungeanza, Mignonne aliinamisha kichwa, lakini hakukigusa kitufe. Alisikiliza, mikono magotini, mpaka Mpoyi alipoitwa.