Udongo wa Buti za Wistin

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, Salvina Zerafa aliingia katika duka la Kleyton pale kijijini Qrendi akiwa ametundika kikapu kwenye kiwiko, kwa sababu vidole vyake vya baridi yabisi havikufunguka siku hiyo. Alitaka udongo wa vyungu vinne na mbolea ya kuufaa. Sheria ya kisiwa inaruhusu miche minne ya bangi kwa kila nyumba, mradi wapita njia wasiione, na kwa miaka mitatu mumewe, Wistin, aliiotesha uani. Maua yake aliyapika polepole kwa mafuta ya zeituni na nta ya nyuki mpaka yakawa marhamu. Marhamu hiyo ndiyo iliyofungua vidole vya Salvina. Vidonge vya hospitali vilimfungua tumbo tu.

Wistin alifariki mwezi wa kwanza. Alimwachia mkewe mbegu ndani ya chupa ya aspirini, na maelezo hakumwachia hata mstari mmoja. Marhamu iliyobaki ingefika Pasaka.

"Bi Salvina, pole tena," alisema Kleyton, mwanamume wa miaka arobaini aliyeongea na kila mteja kana kwamba anamfundisha kuendesha gari. "Unataka udongo wa namna gani?"

"Wa kuoteshea."

"Yote ni ya kuoteshea."

"Basi nipe mmoja."

"Sasa hapo ndipo penye kazi. Kuna mwepesi, kuna mzito, kuna uliokwisha kutiwa mbolea, kuna usiotiwa. Mche mdogo ukiupa mbolea kali, unauchoma. Ukiunyima, unageuka manjano."

"Kleyton, mwanangu, vidole vinaniuma. Mume wangu alikuwa anatia nini?"

"Wistin? Huyo hakununua kitu hapa hata siku moja. Alikuwa anaingia, anacheka bei, anatoka."

Salvina aliondoka na mifuko mitatu. Mmoja ulikuwa wa udongo mweusi wa mabwawani, kutoka Lativia. Wa pili ulikuwa wa makumbi ya nazi yaliyosagwa, kutoka Sri Lanka. Wa tatu ulikuwa wa udongo wa volkano, kutoka chini ya mlima Etna, ng'ambo tu ya maji. Chungu cha nne alikiacha kitupu mpaka aone.

Chungu cha Lativia kilianza kuganda wiki ya kwanza ya Aprili. Kila asubuhi palikuwa na barafu nyembamba juu ya udongo, na Salvina aliivunja kwa mpini wa kijiko kabla ya kunywa chai. Nje ya chungu ua ulikuwa na joto lake la kawaida na nguo zilikauka kwa saa mbili. Mwezi wa tano barafu ilikwisha, mchana ukaanza kurefuka. Salvina alipopanda kitandani, chungu kilikuwa bado na jua la alasiri, na ilimbidi akifunike kwa shuka ili mwanga usimsumbue. Mche ukarefuka hadi kifuani bila ua hata moja. Mmea huu hauchanui mpaka usiku uwe mrefu, na usiku wa Lativia majira hayo hautoshi hata kuosha vyombo.

Chungu cha makumbi kilinyeshewa mara mbili kwa siku, saa nane na saa kumi na moja. Huko usiku na mchana ni sawasawa, kwa hiyo mche ulichanua ukiwa na urefu wa kidole. Kisha mvua ikaosha mbolea yote ikatokea chini ya chungu, na maua yakaoza. Chungu cha Etna kilitetemeka. Kilivunja vikombe viwili vya seti ya harusi, na Jumapili moja kikamwaga majivu juu ya mashuka aliyoyaanika.

Marhamu ilikuwa imekwisha. Salvina alirudi dukani akiwa amefungwa kitambaa mikono yote miwili.

"Mvua mara ngapi?" aliuliza Kleyton.

"Mara mbili."

"Hiyo ni kawaida. Wengine huweka mwavuli."

"Mwavuli kwenye chungu?"

"Mdogo."

"Na wa Lativia?"

"Huo unataka subira. Mpaka Septemba hivi."

"Na wa Etna?"

"Etna mimi sikushauri kabisa uuguse."

"Si wewe uliyeniuzia!"

"Nilikuuzia, ndiyo. Kukushauri sikukushauri."

Salvina alishusha pumzi. "Udongo wa hapa kwetu je? Mwekundu?"

"Una chokaa nyingi, Bi Salvina. Mmea huu haupendi chokaa."

"Wa Wistin uliota humo miaka mitatu."

"Basi haukujua," alisema Kleyton, akamuuzia chupa ya mbolea ya mizizi.

Udongo wa Wistin ulitoka katika shamba lake, upande wa chini wa kijiji, alilorithi nusu kwa nusu na nduguye Nazzareno. Mwezi wa pili, Nazzareno aliliuza lote kwa kampuni ya majengo. Alisema Wistin alitia saini mwenyewe akiwa amelazwa, na Salvina, ambaye wakati huo alikuwa bado anachagua jiwe la kaburi, hakuuliza. Sasa alichukua ndoo, akaitundika begani kama mkoba, akateremka huko kwa miguu.

Shamba lilikuwa limezungushiwa mabati. Ndani palikuwa na shimo la kina cha ghorofa tatu. Msimamizi wa ujenzi alikuja langoni akiwa ameshika mkate.

"Nataka ndoo moja tu ya udongo," alisema Salvina.

"Mama, hairuhusiwi. Udongo mwekundu unalindwa na sheria. Kila koleo limeandikiwa shamba la kwenda."

Nyuma yake mashine ilikuwa inazoa udongo mwekundu na kuukoroga pamoja na mawe na vipande vya zege.

"Ule pale unakwenda shamba gani?"

"Upi?"

"Ule unaochanganywa na mawe."

Msimamizi aligeuka, akatazama kwa muda mrefu huku akitafuna. "Ule ni kifusi."

"Sasa hivi ulikuwa udongo."

"Sasa hivi, ndiyo," alisema msimamizi.

Salvina alirudi nyumbani na ndoo tupu na hasira ya kumtosha kupanda kilima bila kupumzika. Akaingia bandani kuirudisha ndoo mahali pake, na hapo ndipo alipoziona buti za Wistin, zimesimama ukutani, hazijaoshwa. Udongo wa shamba ulikuwa umekaukia katika mifereji ya soli. Alikaa chini juu ya gunia, akaziweka mapajani, akaukwangua kwa kijiti cha kufumia, mfereji mmoja baada ya mwingine, akishika kijiti kwa viganja kwa kuwa vidole vilikataa. Ilimchukua mchana mzima. Alipata udongo wa kujaza kopo moja la nyanya. Akapanda mbegu, akaliweka ndani ya chungu cha nne, akatia mbolea ya Kleyton, kifuniko kimoja.

Udongo wa kopo ulikuja na hali ya hewa ya shamba, kama udongo wa mifuko ulivyokuja na ya kwao. Upepo wa kusini ulifika kwenye kopo kabla ya kufika uani. Kelele za mashine zilianza humo saa moja asubuhi na kukoma saa kumi. Siku ya tisa, kelele zilipokoma, Wistin alikuwa ameinama juu ya kopo, mikono nyuma. Mtu akisimama shambani kila siku miaka arobaini, udongo humweka kundi moja na jua na mvua.

"Nani amekwambia utie mbolea ya chupa?" alisema.

"Kleyton."

"Kleyton hajawahi kuotesha hata ndevu. Unauchoma huu. Tazama ncha za majani."

"Ungeniandikia basi."

"Nikuandikie nini? Kinyesi cha sungura, kilichooza mwaka mzima. Si kibichi. Kibichi kinachoma kuliko chupa."

"Miezi mitano hatujaonana, Wistin."

"Na maji ya kisima cha mvua. Ya bomba yana chumvi," alisema Wistin, akaondoka.

Alikuja kila siku saa kumi. Salvina aliosha mbolea ya chupa kwa maji ya kisimani, akatafuta kinyesi cha sungura cha mwaka jana, akakitia. Wistin alisema kimezidi. Akapunguza. Wistin alisema sasa kimepungua. Salvina alimsimulia misa ya arobaini, jiwe la kaburi, mpwa wao aliyejifungua mapacha. Wistin alichomeka kidole kwenye udongo na kusema unakauka upesi, kopo lilitakiwa kutobolewa matundu matano, yeye katoboa manne.

"Bwana we," alisema Salvina siku moja, "nimekaa na wewe miaka thelathini na tisa. Huna neno jingine?"

Wistin alifikiri. "Uligeuze kidogo. Upande huu haupati jua."

Katikati ya mwezi wa sita Nazzareno alipita kuleta matikiti, akamkuta nduguye uani.

"Wistin," alisema. "Umepungua."

"Na wewe umenenepa."

"Shemeji, unampa chakula huyu?"

"Hali," alisema Salvina. "Afadhali umekuja. Mwulize kuhusu saini."

Nazzareno alishusha matikiti taratibu. Wistin hakuinua macho kutoka kwenye kopo. "Saini gani?"

"Ya shamba," alisema Nazzareno. "Ulisaini hospitalini. Tarehe kumi na nne."

"Tarehe kumi na nne nilikuwa na mipira ya dripu mikono yote miwili. Hata pua nilikuwa nakunwa na muuguzi. Sikusaini kitu."

"Ulikuwa na homa, ndugu yangu. Umesahau."

"Sikusahau. Sikusaini."

"Haya, shemeji," alisema Nazzareno, akifuta mikono kwenye suruali, "unaona mwenyewe hali yake. Ugonjwa ulimchanganya mpaka sasa hajatulia." Akaaga. Matikiti yalikuwa mabivu na mazuri, jambo lililomkera Salvina zaidi.

Alimpelekea mambo hayo mwanasheria aliyeandika hati ya mauzo. Alikuwa mtu mpole mwenye kiyoyozi kikali. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi simkatai mume wako," alisema. "Anaweza kuja hapa kukana saini yake wakati wowote wa kazi. Aje na kitambulisho tu."

"Kitambulisho nilitakiwa nikirudishe alipofariki."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Sasa atakuja nacho vipi?"

"Hapo ndipo penye ugumu," alikubali mwanasheria. "Asiye na kitambulisho halali hawezi kukana saini."

"Lakini aliweza kuitia?"

"Wakati ule alikuwa nacho."

Alipotoka, mtaa wote ulikuwa na vumbi la mawe. Malori ya zege yalikuwa yamepanga foleni kuteremka shambani.

Kule shambani walilifunika shimo kwa zege wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Siku hiyo, saa sita mchana, jua likiwa juu ya ua na paka wa jirani amelala kivulini, kopo liliingia giza. Salvina aliingiza mkono, akauona mpaka kwenye kifundo tu. Kulikuwa na ubaridi humo, na baadaye, watu walipoanza kuhamia ghorofa za mwanzo kabla hata ngazi hazijapakwa rangi, harufu ya petroli ya magari yaliyoegeshwa chini ya jengo. Kila mara mtu alipowasha taa kule chini, kopo lilipata mwanga wa dakika tatu, kisha ukazimika wenyewe.

Mche ulihesabu kuwa usiku umekuwa mrefu. Ukachanua.

"Mapema mno," alisema Wistin. "Mwezi wa saba! Aibu gani hii."

"Acha uchanue. Vidole vinaniuma."

"Na mbolea ya maua hukutia."

"Hukuniambia!"

"Ningejuaje kama utachanua mwezi wa saba?"

Maua yalikuwa madogo, mazito, yenye kunata. Salvina aliyakata mwishoni mwa mwezi wa nane, akayakausha kwenye kabati la mashuka, akayapika kwa mafuta ya zeituni na nta siku nzima, madirisha wazi. Mche mmoja ulitoa kichupa kimoja. Alijipaka asubuhi na jioni. Siku ya nne kidole kidogo kilinyooka, siku ya saba vyote. Alifunga vifungo vya gauni mwenyewe. Alisimama mbele ya kioo akavifungua, akavifunga tena.

Wistin aliendelea kuja, ingawa ndani ya kopo palibaki kisiki tu. Sasa alikuja kwa kupapasa, kwani kwake shamba lilikuwa giza. Aliingia uani mkono mmoja mbele, katikati ya mwanga wa saa kumi, akajigonga mahali ambapo Salvina hakuona kitu.

"Nini tena?"

"Bampa," alisema Wistin. "Wameegesha magari mpaka kwenye mahindi yangu."

Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akavuta suruali. Muundi wake ulikuwa umechubuka mahali pawili, na chini yake palikuwa na alama za jana na za juzi. Salvina alileta kichupa. Alichota kwa kidole cha shahada, akaanza kumpaka kutoka gotini kuteremka, polepole. Ngozi yake ilikuwa ya baridi na kavu, na udongo mwekundu ulikuwa kwenye mikunjo ya kifundo.

Wistin aliitazama mikono ya mkewe ikifanya kazi.

"Vinafunguka," alisema.

"Vinafunguka."

Salvina alipomaliza, Wistin alijigusa muundi kwa kidole. "Umezidisha nta," alisema kisha, akateremsha suruali, akaondoka.

Salvina aliinua kichupa kwenye mwanga. Kilikuwa kimeshuka nusu, na udongo wa buti ulikuwa umekwisha wote ndani ya kopo lile moja. Kesho yake, saa kumi, alisikia mlango wa gari ukifungwa katikati ya ua, kisha mumewe akatukana. Akaweka chai mezani, akatoka.

"Kushoto," alimwambia. "Njoo kwa kushoto. Hapo pana jingine."