Nyonga za Kuazima

Nyonga za Tumukunde zilikuwa zinaishi Bukavu. Asubuhi alivuka daraja la Rusizi bila nyonga, amenyooka kama mti wa kuanikia nguo. Mchana alirudi nazo, pana, za mtu mzima.

Ilikuwa biashara ya Maman Nzigire. Jikoni kwake, ng'ambo ya mpaka, alimviringishia vitenge vipya mwilini, kimoja juu ya kingine, akafunga kamba, akamvalisha gauni pana. Batu ba duwane, wale wa forodha, wanafungua vikapu. Tumbo la mtu hawafungui.

"Mungu alikuachia nafasi, mwanangu," alisema. "Mi naijaza tu."

Vita vya Kongo vilikuwa vimeanza tena, na miaka ile mtu mwembamba alipewa sababu mbili: njaa, ao ule ugonjwa usiotajwa. Shuleni wasichana walihama benchi yake. Kanisani, Uwera aliyeongoza kwaya alimsimamisha mstari wa nyuma, penye nguzo.

Basi njia ya kupanda kutoka darajani hadi soko la Kamembe aliitembea polepole kama bibi harusi. Wapagazi walimpisha: "Pardon, Maman!" Maman! Na ana miaka kumi na tano. Nyuma ya soko Maman Nzigire, aliyetangulia kuvuka, alimmenya kama ndizi, na kilichobaki kikarudi kwao.

Akataka za kwake. Malipo yake akayala yote: ndagala, maandazi, avoka, hata mafuta ya sufuria aliyapangusa kwa ugali. Miezi ikapita. Asubuhi moja kamba haikufika. Maman Nzigire akamshika kiuno kwa mikono miwili, kama anayechagua kuku.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi, Maman."

"Weye? Basi weye unakalia nafasi ya bitenge byangu! Nikiongeza hapa, ba duwane batauliza kama minavusha ngoma. Rudi kwenu. Uniletee ule mudogo wako Mukandori. Yeye angali muzuri."

Tumukunde hakulia. Alichotaka alikuwa nacho. Jumapili akavaa sketi ya kubana, akaenda kanisani na nyonga zake mwenyewe, changa, ambazo hakuna wa kuzimenya. Akasimama mstari wa mbele.

Uwera akamwangalia juu hadi chini, akashika mdomo.

"Yesu wangu! Umekonda hivi? Si juzi tu nilikuona unajaza barabara?"

"Sikukonda, dada. Nimenenepa."

"Bote banasemaka vile," maman mmoja akanong'ona, akamvuta mtoto wake upande wa pili.

"Pole, mudogo wangu," Uwera akasema kwa huruma nyingi. "Rudi nyuma, uegemee nguzo. Usichoke."

Nyumbani mama yake alimjazia sahani ya ugali na maharage. "Kula, mwanangu. Siku hizi umeanza kupendeza."

Tumukunde akaisukuma mbele ya mdogo wake, aliyekuwa aanze kazi kwa Maman Nzigire kesho yake.

"Ale Mukandori," alisema. "Ashibe. Kila siku ashibe."

Mukandori, maskini, akamshukuru, akanawa mikono.