Puseletso na Mkataba wa Bwawa

Dada yangu, Puseletso Khoabane, hakumaliza hata miaka miwili akiwa waziri mkuu wa Lesotho. Kilichomwangusha ni mkataba wa bwawa jipya. Maji ya milima yetu yalikuwa yakienda Afrika Kusini tangu tukiwa wadogo, na kijijini kwetu Ha Rapolile, juu tu ya bwawa la zamani, akina mama bado walichota maji kwenye chemchemi moja na ng'ombe. Puseletso akasema hatii saini mpaka mkataba useme vijiji vya kando ya bwawa vitapata mabomba kwanza.

Mwenyekiti wa chama, Ntate Mokhachane (ntate kwetu ni baba), aliyemwingiza kwenye siasa, alimfuata nyumbani Maseru.

"Tia saini, mwanangu. Mabomba tutayazungumza baadaye."

"Hiyo baadaye naisikia tangu niko shule, Ntate."

"Basi wabunge wetu wenyewe watakung'oa."

"Waning'oe. Ila wasimame waseme kwa nini."

Walimng'oa, na hakuna aliyesema kwa nini. Chama nacho kikamfukuza. Ajabu ni kwamba mkataba haukusainiwa. Waliobaki waligombania kiti chake mpaka bunge likavunjwa.

Puseletso akarudi kijijini kwetu kugombea ubunge peke yake, bila chama. Ilikuwa majira ya baridi, theluji imefunga njia za juu, kwa hiyo tulizunguka vijijini kwa farasi, tumejifunga mablanketi. Siku moja vidole vyangu vilikufa ganzi nikamwambia, "Dada, umeshakuwa waziri mkuu. Haitoshi?"

"Rudi wewe. Niachie farasi wa mizigo."

Sikurudi.

Mkutano wa Ha Rapolile ulikuwa mgumu kuliko yote. Bibi mmoja, 'M'e Mathuso, yaani Mama Mathuso, alisimama akiegemea fimbo.

"Ulipokuwa na ving'ora mbele na nyuma hukuleta bomba. Leo una farasi wa kuazima. Utaleta nini?"

"Samadi," mtu akadakia, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Puseletso alingoja wanyamaze.

"Sikuleta, 'M'e. Nilidhani cheo kinatosha, nikabishana na wakubwa wenzangu chumbani. Sikuja kuwaambia mnisimamie. Ndiyo nimekuja sasa."

"Na wakikufukuza tena?"

"Nitarudi, mnicheke tena."

Bibi akamgeukia farasi. "Huyo farasi ana njaa," akasema. "Mpeni majani."

Alishinda kwa kura chache. Bungeni wakamweka nyuma kabisa, karibu na mlango, na waliokuwa wakisimama akiingia sasa walimpita kama hawamjui. Alivumilia. Serikali mpya, ya chama kilekile kilichomfukuza, ilikuwa na wingi mwembamba mno, na mkataba uliporudi bungeni, kura yake ikatafutwa. Ntate Mokhachane mwenyewe alimvizia kwenye korido.

"Kuna wizara, mwanangu. Chagua."

"Wizara sitaki. Nataka kile kifungu cha mabomba, na nataka kiingie kabla sijanyoosha mkono."

Walimzungusha wiki nzima. Hakutikisika. Kifungu kikaingia, akanyoosha mkono.

Mabomba yalifika Ha Rapolile baada ya muda mrefu, na mengine huganda kila baridi ikikaza. 'M'e Mathuso humlalamikia dada yangu kila wakikutana, naye huandika barua wizarani siku hiyohiyo. Mwaka huu anagombea tena. Watu wa bonde la pili hawana maji, na ameniambia nianze kutafuta farasi.