Kijiko Kimoja cha Dawa ya Kuku

Mimi Lukresia nina duka la dawa za mifugo hapa Lyamkena, Makambako, mwaka wa kumi na tisa huu. Niletee kifaranga kinachosinzia asubuhi, jioni kinapigana na wenzake. Sasa niambie, mtu kama mimi atakaaje kimya akimwona binti yake wa kumzaa anahangaika na mifuko ya udongo?

Maana hiyo ndiyo kazi ya Anneth. Amesoma mpaka akavaa miwani, anafanya utafiti kwenye maabara moja pale Njombe mjini, na utafiti wenyewe ni kuchota udongo. Alinieleza kwamba udongoni kuna bakteria wanaotengeneza sumu ya kuwaulia bakteria wenzao, na huenda mmoja wao ana dawa ya vile vidonda vilivyokataa dawa zote za hospitali. Basi anaotesha bakteria wa vidonda kwenye kisahani, anaweka punje ya udongo katikati, anasubiri. Udongo ukiwa na kitu, kuizunguka ile punje panabaki duara tupu, wadudu wote chali.

Duara halikutokea. Sampuli mia mbili na kumi na mbili, tangu Lugarawa mpaka huku kwetu, hakuna kitu. Na ufadhili wake ulikuwa unaisha Juni. Jopo la wasomi wanaogawa fedha hizo lingekaa, na asiye na cha kuonyesha angefungasha virago. Siku aliyopita kwangu akitoka Mawengi, na udongo wa chini ya mianzi ya marehemu baba yangu, alikuwa amekonda, hata ugali aliuchezea tu. "Mama, huu ndio wa mwisho," akasema, akaenda kuoga.

Jamani, mimi ni mama. Mfuko uko mezani, umeandikwa 213. Dawa ya kuku nayo ipo, ile ya unga wa njano ninayoiamini kuliko ndugu zangu. Nikawaza, mboga ikikosa chumvi si unaitia chumvi? Nikatia kijiko kimoja, nikakoroga, nikafunga. Alipotoka bafuni alinikuta naimba wimbo wa kanisani.

Siku ya tatu simu ikalia. "Mama! Duara! Kubwa kama kisoda!" Yeye analia, mimi nalia, wateja wakadhani tumefiwa.

Raha yangu ilidumu siku mbili. Kaka yangu Filemoni, anayekaa Mawengi, alipopata habari aliizungushia miiba mianzi ya baba, hata bata hapiti. Akawa anawaambia watu kwamba hapo ni hospitali, na padri ameombwa aje kubariki. Hayo ningeyavumilia. Lakini Anneth akapiga tena, sauti imechoka. Kila akirudia duara linatokea, ila bakteria anayeitengeneza hiyo dawa hamwoni. Anamtafuta, hali, halali. "Yumo humo, mama. Najua yumo." Na mimi mtengenezaji nilijua alipo: yuko kiwandani, anwani yake iko nyuma ya paketi.

"Alhamisi nasimama mbele ya jopo," akasema. "Nawaambia tumepata dawa mpya."

Mweh! Nikawaona wale wasomi wakigundua kwamba dawa mpya ya binti yangu inauzwa Lyamkena. Wangemwita mwongo. Mwanangu, mwongo! Na mwongo ni mimi. Nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikulifanya hata nilipougua malaria, nikaenda Njombe.

Nilimkuta na msimamizi wake, Dokta Marcelino, mzee mrefu mwenye sweta mbili. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Hayakutoka hata moja. Niliibwaga paketi mezani, nikasema, "Mdudu mnayemtafuta huyu hapa. Nilimtia mimi, kijiko kimoja."

Dokta Marcelino akavua miwani. "Kijiko cha chai au cha chakula?"

"Cha chai," nikasema. "Kilichojaa."

Anneth hakunitazama. Alifungua daftari, akaandika polepole: namba 213, dawa ya kuku, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, mama. Iliniuma kuliko kama angenitukana. Kisha akainamia meza, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Nikamwambia nisamehe mwanangu, mimi mjinga, nilichoka kuulizwa na majirani binti yako ni daktari wa nini, nami sina jibu ila udongo. Kumbe anacheka! Anacheka huku machozi yanamtoka, na sikujua nimshike au nikimbie.

Jopo lilikaa. Anneth aliwaambia yote: sampuli 213, dawa hakuna, na ya mwisho iliharibiwa na mama yake. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Halafu wakampa miezi sita mingine, maana, walisema, mtu anayelivunja duara lake mwenyewe mbele ya watu anaaminika. Sharti lilikuwa moja, kwamba mimi nisikanyage maabara.

Alikuja dukani kunipa habari. Nikafurahi, kisha nikakasirika, ndivyo nilivyo. Miezi sita ya udongo tena! "Mwanangu," nikamwambia, "dawa ya kweli inatoka kwa wataalamu, siyo kwenye matope." Nikampungia paketi ya njano usoni. "Hii unadhani ilitoka wapi?"

"Kwenye udongo, mama."

"Usinitanie."

"Haki ya Mungu. Bakteria wa udongoni ndiye aliyeanza kuitoa. Kuna watu walichota, wakachota, wakachota, mpaka wakampata."

Miaka kumi na tisa nauza kitu hicho. Nikaigeuza paketi, nikatafuta majina yao. Hayapo.

"Hao watu," nikauliza, "mama zao walikuwa wanawaambiaje?"

"Sijui. Labda waache."

Nikakaa juu ya gunia la pumba. Kisha nikamwuliza kesho anachota wapi, na kama ana mtu wa kumshikia mfuko.

"Ninaye," akasema. "Lakini nitampekua kwanza."