Kamba Nzima

Katika duka lile la vifaa vya kukwea majabali, mwenye mali alikuwa bosi, lakini mwenye neno alikuwa Mama Kamba. Jina hilo walimpa wateja, naye hakulikataa. Kifaa kilichotumika kikiletwa, iwe helmeti, karabina ya kunasia kamba au mshipi wa kiunoni, yeye ndiye aliyekikagua. Akisema kizima, mtu anakwenda kuning'inia nacho juu ya korongo bila kuuliza mara mbili. Akisema kibovu, anakikata papo hapo mbele ya mwenyewe, na anayetaka kulia alie. Kamba mbovu haitupwi vivi hivi, alikuwa akisema, kuna mpumbavu ataiokota.

Asubuhi hiyo aliyeingia na kamba alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee.

"Shikamoo, mama. Baba anaomba utuangalizie hii. Kesho ananipeleka kukwea."

Baba! Huyo baba aliondoka mtoto angali ananyonya, akaenda kuishi na mwanamke ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha kukwea. Miaka yote hiyo hakuuliza mtoto kala nini, kalala wapi. Leo binti kawa mtu mzima, anapanda mwamba kama mjusi, ndipo bwana mkubwa anakumbuka kwamba ana damu yake! Na dukani hakuingia. Alikuwa nje, kajikalia garini.

"Marahaba. Weka mezani."

Alijua kinachokuja, na kilimtisha. Watu wawili wakifungana kamba moja, huyu kamshikia yule roho yake, hushuka chini wakiwa si wale waliopanda. Yeye mwenyewe alimpenda mwanamume huyo kwa njia hiyo hiyo. Yule mwanamke naye alimpenda hivyo hivyo. Kesho jioni ingekuwa zamu ya mtoto, na yeye angebaki na nani?

Akaisogeza kamba dirishani, akafumba macho, akaanza kuipitisha kati ya kidole na gumba. Mungu amsamehe, alikuwa anaomba akute ubovu. Alitafuta palipolegea, palipochunika, palipokakamaa. Kila alipopata shaka aliikunja kamba kitanzi. Iliyoumia ndani hujibana bapa, lakini hii ilijikunja mviringo safi. Akainusa, labda ina harufu ya betri ya gari, maana asidi yake hula kamba bila kuonekana. Wapi! Ilinukia sabuni. Ilikuwa imefuliwa kwa maji ya uvuguvugu na kuanikwa kivulini, vile vile Mama Kamba alivyomfundisha huyo bwana zamani, walipokuwa bado mtu na mkewe. Mtu ambaye hakufua hata nepi moja! Kamba kaitunza, wao hakuwatunza. Roho ilimuuma.

Hata hivyo alijikaza. Neno "nzima" lilikuwa tayari mdomoni. Akauvuta mfuko wa kamba ili airudishe, ndipo akaona ulivyoshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka.

"Nani kashona huu?"

"Mama mdogo," binti akajibu, bila kufikiri.

Mama mdogo. Ebo! Kumbe yule mwanamke keshapewa jina, na limeshazoeleka mdomoni mwa mtoto.

"Mbovu," akasema Mama Kamba.

"Nini?"

"Si nimesema mbovu? Hukusikia?" Akachukua kisu cha kazi, akaikata kamba katikati, kisha akakata tena pembeni, na tena, vipande vikianguka sakafuni. Alikata kwa hasira kama anayechinja.

Binti aliinama, akaokota kipande, akakitazama pale kilipokatwa. Kiini kilikuwa cheupe pe, nyuzi zote nzima.

"Mama, jana niliikagua mwenyewe. Kama ulivyonifundisha. Yote, toka mwanzo hadi mwisho."

"Sasa ukaniletea ya nini?"

"Kwa sababu bila neno lako sikwei. Baba nilimwambia hivyo, akasema sawa, mpelekee mama yako, yeye ndiye anayejua."

Binti akafungua begi lake, akatoa mshipi wake wa kiunoni, akaushika mbele yake.

"Na huu je? Juzi ulisema mzima."

"Huo ni mzima, mwanangu! Haki ya Mungu huo ni mzima!"

"Nitajuaje?"

Aliuliza taratibu tu, tena kwa adabu, na hapo ndipo palipouma. Angemtukana ingekuwa nafuu. Binti akakunja mfuko mtupu, akauweka kwapani, akatoka na mshipi wake mkononi.

Mama Kamba akasogea dirishani, kisu bado kiko mkononi. Alimwona binti akisema maneno machache, na mwanamume akishuka garini. Hakutazama dukani. Aliutandaza ule mshipi juu ya boneti, akafumba macho, akaanza kuipitia mishono yake kwa gumba, polepole, kama alivyofundishwa zamani na Mama Kamba mwenyewe.