Sehemu ya Royston

Tangu Pasaka, Norman Tibbetts alikwenda kwa mdogo wake, Royston, kila Jumapili, na kila Jumapili alirudi kwake Netherton na gitaa lake bila kukipata alichokifuata. Alichokifuata kilikuwa nusu ya wimbo.

Waliutunga mwaka 1974, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na Royston kumi na saba, katika chumba cha nyuma walikojifunzia gitaa kwa kusikiliza santuri moja ya bendi ya Coldharrow mpaka ikakwaruzika. Bendi ile ilikuwa ya vijana wa hapohapo, watoto wa wafua minyororo. Iliposikika redioni, kila nyumba yenye mvulana ilitafuta gitaa. Ndugu hawa wawili hawakuwa watu wa maneno mengi. Kuzungumza kwao kulikuwa huko kwenye nyuzi: Norman akianza, Royston akimjibu. Sehemu ya Norman iliandikwa daftarini. Ya Royston haikuandikwa, kwa kuwa Royston mwenyewe alikuwepo.

Sasa, uzeeni, mikono ya Royston ilitetemeka kutwa kwa ugonjwa, na daktari alisema sauti nayo haitafika majira ya baridi.

Beryl, mke wa Royston, alifungua mlango.

“Karibu shemeji. Leo hakuamka vizuri. Usimchoshe.”

“Nimchoshe mimi? Tangu utotoni yeye ndiye anayenichosha.”

“Nakusikia,” Royston alisema kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu aliye mbali. “Umekuja tena na jeneza lako la gitaa.”

“Bado tupu. Nimekuwekea nafasi.”

Royston alicheka bila uso kucheka. Ugonjwa ulikuwa umeshauchukua uso.

Norman alilitoa gitaa kwenye kasha. Juzi alikuwa amelipeleka kwa fundi, likatiwa nyuzi mpya na kulinganishwa sauti kwa mashine, ili safari hii kusiwe na kisingizio. Akapiga mwanzo wa wimbo wao. Kabla hajafika mbali, Royston alifinya macho.

“Siyo huo.”

“Ndio huo. Nausoma daftarini hapa.”

“Umetyuni kwa mashine.”

“Watu wote wanatyuni kwa mashine siku hizi, mdogo wangu.”

“Sisi siyo watu wote.”

Ndipo Norman alipokumbuka. Mashine ya santuri ya nyumbani kwao ilikuwa ikijikokota, baba yao akazungushia utepe mhimili wa mota ili iende. Ikaenda, ikapitiliza mwendo, na sauti ya santuri ikapanda juu. Wao hawakujua, walikaza nyuzi kuifuata, mwaka baada ya mwaka. Siku walipopanda jukwaani kwenye klabu ya wafanyakazi, magitaa yao yaligombana na kinanda, na watu wakacheka mpaka bia zikamwagika. Waliporudi nyumbani hawakubandua utepe.

Mashine ile sasa ilikuwa pale pale sebuleni kwa Royston, kando ya kabati. Beryl aliweka santuri, akashusha sindano. Norman alikaza uzi mmoja mmoja, bila haraka, hadi zote sita zikaafikiana na santuri. Alipopiga tena, Royston alifumba macho. Norman alifika mahali pa jibu, akanyamaza.

“Haya. Niimbie.”

Royston alifungua kinywa. Ilitoka pumzi. Alijaribu mara ya pili, ikatoka pumzi ileile. Basi akaweka mkono wa kulia mezani, akaanza kugonga kwa vidole.

Norman alichukua penseli. Hata mapigo tu yangemtosha. Nota angezitafuta mwenyewe. Akaweka alama kwa kila pigo.

“Na hili?”

“Hilo ni mkono tu, siyo mimi.”

“Na hili?”

“Hilo ni mimi.”

Wakaendelea hivyo, ukurasa mzima. Chai aliyoleta Beryl iliota utando. Vidole vilizidi kwenda mbio, na Royston akaacha kujibu.

“Roy. Hapa ni wewe, au ni mkono?”

Royston aliutazama mkono wake kama anavyotazamwa mgeni aliyeketi bila kukaribishwa.

“Sijui, Norm.”

Mkono uliendelea kugonga. Beryl alikuja, akaufunika kwa mkono wake, mikono yote miwili ikatetemeka pamoja.

Jioni hiyo, nyumbani kwake, Norman alifungua daftari. Alifuta alama alizodhani ni za ugonjwa, akajaribu kupiga zilizobaki, haukuwa wimbo. Akazirudisha moja baada ya nyingine, kwa kufuata makovu ya penseli kwenye karatasi, akapiga zote. Haukuwa wimbo pia. Akapiga sehemu yake mwenyewe, nyuzi zikiwa zimekazwa kama zilivyokazwa kwa Royston, akafika mahali pa jibu, akanyamaza. Alihesabu kimya kimya kwa kiasi ambacho jibu la Royston lingechukua. Kisha akaendelea na mstari wake wa pili.