Tochi ya Besa

Besa alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, miguu mitupu, anainua tochi na kuishusha, anainua na kuishusha, taratibu, mithili ya mtu anayevuta maji kisimani. Jua lilikuwa limezama lakini anga bado ina wekundu. Nilimuuliza anamwita nani. Hakugeuka. Alisubiri kidogo, kichwa ameinamisha upande, kisha akainua tena.

"Anajibu," akasema.

Alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi saba. Tochi ile nilimchagulia mimi, babu yake, na ishara ile nilimfundisha mimi. Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa, na hilo kwangu ni jambo geni, maana maisha yangu yote nimekuwa hodari wa kuwataja wa kulaumiwa kwa majina na vyeo.

Ulikuwa mwaka wa mgao mrefu. Umeme ulikuja kwa muda wa saa tatu tu kwa siku, mara nyingi watu wakiwa wamelala. Walituambia ziwa linaloendesha mitambo ya umeme limekauka. Sawa. Lakini ziwa hilo halikukauka kwenye mtaa wa mameneja, kule juu, ambako taa za bustani ziliwaka mpaka asubuhi kumulika maua. Huku kwetu, kwenye nyumba za mgodi zilizojengwa mgongo kwa mgongo, tuliwasha mishumaa. Binti yangu Nsama alirudi siku moja kutoka kusuka nywele za watu akakuta mshumaa umelamba pazia, na Besa amekaa chini yake anaangalia moto huku anacheka. Nsama alizima pazia kwa ndoo ya maji ya kunywa, akakaa chini, akaniambia nikamnunulie mtoto tochi. Ya salama, Baba. Alirudia neno hilo mara tatu.

Kwa wengine tochi ni tochi tu. Mimi nilifanya kazi chumba cha taa mgodini kwa miaka kumi na tisa. Kila mchimbaji aliyeshuka alipita dirishani kwangu, akaacha kipande chake cha shaba chenye namba, nikakitundika ubaoni, nikampa taa ya kofia. Akipanda, anarudisha taa, namrudishia kipande. Ubao ukiwa mtupu, watu wote wako juu. Kipande kikibaki, kuna mtu chini. Kazi hiyo haikuhitaji shule, ilihitaji macho, na mimi shule sikuwa nayo. Kusoma nilijifunza kwa kusoma matangazo ya kampuni, ndiyo maana mpaka leo nikiona karatasi iliyopigwa chapa natafuta kwanza uongo uko mstari wa ngapi.

Sokoni nilikwenda kwa Mama Chileya, muuza tochi, redio na betri. Nilikaa mbele ya meza yake asubuhi nzima. Ya kwanza ilikuwa na umbo la chura, nzuri, mtoto angeipenda. Niliuingiza ukucha wangu wa dole gumba kwenye kifuniko, kikafunguka, zikaanguka betri tatu bapa, ndogo kama vifungo vya shati. Nilimwambia Mama Chileya kwamba kifungo kama hicho mtoto akikimeza kinakwama kooni, na mate yanakiamsha, kinaunguza nyama kimyakimya, na mama anadhani mtoto ana mafua. Akasema chura hao ameuza arobaini na hajaona maiti. Nikamwambia maiti haziji sokoni kurudisha bidhaa.

Ya pili ilikuwa ya chuma, nzito; ikimdondokea mtoto mguuni inavunja kidole. Ya tatu ilikuwa na kamba ya kuvaa shingoni. Niliitazama kamba ile, nikairudisha mezani. Ya nne niliiwasha kwenye kiganja changu, mwanga ukapenya mpaka nikaona mifupa, na hiyo ndiyo mtoto angejimulikia machoni. Wateja wengine walianza kuninung'unikia.

"Baba Nsama," akasema Mama Chileya, "unanunua tochi au unaoa? Maana hata mume wangu hakunikagua hivi."

"Angekukagua, asingekuwa anakimbilia klabuni kila Jumamosi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, na kwa kicheko hicho akatoa boksi la chini kabisa. Humo nikaipata: ya mpira mnene wa kijani, betri mbili za kawaida, nene, ambazo mtoto hawezi kumeza, kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Mwanga wake mpole. Niliidondosha kwenye saruji mara tano, nikaunusa mpira, nikaizamisha kwenye ndoo yake ya kuoshea mikono. Ikaendelea kuwaka. Nilirudi nyumbani nimejaa majivuno.

Kosa nililifanya siku iliyofuata, na ni kosa ambalo mtu wa chumba cha taa tu ndiye angelifanya. Kwetu taa isiyo na ishara ni nusu ya taa. Kule chini mashine zinanguruma, na sauti ya mtu inagonga miamba na kurudi kutoka kila upande. Ukiifuata unaweza kuingia shimoni. Kwa hiyo watu wanazungumza kwa taa, na baada ya kila ishara taa inatulia kwa muda wa kuhesabu tatu. Kushoto na kulia: simama hapohapo. Juu na chini: njoo kwangu. Mduara: rudi nyuma. Nikamfundisha Besa. Nilijiambia ni usalama, giza likimkuta mahali ajue la kufanya. Mimi nilikaa mwisho mmoja wa ukumbi na tochi ndogo ya kuazima, yeye mwisho mwingine. Mara nyingine nilimwita kwa mdomo huku taa ikisema simama, na akija, namrudisha. Usisikilize sauti, nilimwambia. Tazama taa. Akipatia nampa kipande cha kiazi kitamu. Katika siku nne hakukosea tena.

"Baba," Nsama akasema akiwa mlangoni, "unamlea mtoto au unamwandikisha kazi?"

Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Alikuwa na sababu.

Zamani watu waliniita Baba Chitundu. Chitundu alikuwa mwanangu wa kwanza, kaka yake Nsama. Nilimpa taa kwa mkono wangu, zamu ya alfajiri, akaniachia kipande chake, akanitania kwamba nimemchagulia taa ya wazee. Dari ilianguka kabla ya saa sita mchana. Wenzake walipanda, ubaoni vikabaki vipande vitatu. Baada ya muda wa saa kumi na nne, kampuni ikaamuru njia ile izibwe kwa zege, ikabandika tangazo: taa ya kofia hudumu saa kumi na mbili, kwa hiyo waliobaki walikuwa gizani, wasingeweza kusogea, hakuna matumaini.

Mstari wa tatu. Uongo ulikuwa mstari wa tatu. Watu watatu wana taa tatu. Wanazima mbili, wanawasha moja. Kumi na mbili, na kumi na mbili, na kumi na mbili. Wale walikuwa na mwanga wa saa thelathini na sita, na kila mchimbaji alilijua hilo, na injinia aliyeandika tangazo lile alilijua. Nilipanda juu ya pipa kwenye lango nikalisema. Nilifukuzwa kazi kesho yake. Nililisema kanisani, nililisema kwenye misiba ya watu wengine, nililisema kwa waziri aliyekuja kufungua zahanati mpaka nikatolewa kwa mabavu. Kwa miaka ishirini na sita nimelisema: tuliwazibia wakiwa wanaona. Baada ya mwaka ule, bila kuambizana, watu wakaanza kuniita Baba Nsama.

Njia ile iliyozibwa inapita chini ya uwanja uliozama, nyuma ya nyumba yetu. Ardhi huko inashuka kidogo kila masika kwa sababu chini hamna kitu. Kuna uzio, au ulikuwepo. Waya umeibwa, zimebaki nguzo. Nyasi zimefika kiunoni, na katikati ya nyasi kuna mpasuko ambao ukirusha jiwe husikii likitua. Vijana wanaochimba bila kibali, tunaowaita majerabo, hupita huko na taa zao vichwani. Kwa hiyo Besa aliposema anajibiwa, niliwalaani majerabo, nikafunga mlango. Nilifanya hivyo jioni tatu mfululizo.

Jioni ya nne Nsama alikuwa bado kazini. Nilitoka uani kuwasha jiko la mkaa. Nikalishika kwa mpini wake wa waya nikalizungusha kidogo, kama tunavyofanya, mkaa ushike moto. Nilipoinua macho, mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Alikuwa ameshapita nguzo. Niliona mgongo wake, gauni la njano, na duara dogo la mwanga likitangulia kwenye nyasi. Hakukimbia. Alitembea kwa utulivu wa mtu aliyetumwa. Na mbele yake, ng'ambo ya mpasuko, kulikuwa na taa nyingine.

Ilipanda. Ikashuka. Ikatulia kwa muda wa kuhesabu tatu. Ikapanda tena.

Majerabo hawajui kuhesabu tatu. Hakuna mtu anayefundishwa hivyo siku hizi. Na taa za majerabo ni nyeupe, kali, za Kichina. Hii ilikuwa ya njano, nzito, rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, jinsi zilivyokuwa taa zetu za zamani betri ikikaribia kuisha. Haikumulika uso. Haikumulika hata nyasi zilizokuwa chini yake.

Nilimwita. Niliita kwa sauti iliyowahi kusikika kutoka lango la mgodi mpaka ofisini, bila kipaza sauti. Besa hakugeuka. Nilimfundisha vizuri.

Goti langu moja halikunjiki, na alikuwa amenitangulia hatua sabini. Nikafanya nililoweza: nililishika jiko kwa mikono miwili, moto wote, nikalipeperusha kushoto na kulia, kushoto na kulia, cheche zikanirukia mikononi. Simama. Simama. Na nilijua wazi kwamba ni kazi bure, maana mtoto alikuwa amenipa mgongo. Hakuna aliyekuwa akinitazama upande ule wote.

Ila mmoja.

Taa ya ng'ambo ilikoma katikati ya kupanda. Ikabaki hewani. Halafu, polepole, kama mkono ulio mzito, ikaenda kushoto. Ikaenda kulia.

Besa akasimama. Alisimama wima, tochi kifuani, kama nilivyomfundisha. Nilipomfikia, kutoka vidole vyake mpaka ukingo palikuwa na nafasi ya mkeka mmoja. Hewa iliyotoka kule chini ilikuwa ya baridi, na ilinuka vumbi lililolowa, harufu niliyoijua kutoka kwenye nguo za watu kwa miaka kumi na tisa. Nilimwinua. Hakulia. Moyo wake ulipiga kawaida, wangu ndio uliomtikisa.

Taa bado ilikuwepo. Ilikuwa imerudi kwenye juu na chini. Na hapo nikaelewa kwamba haikuwa imemwinda mtoto. Jioni nne mtoto alikuwa amesimama mlangoni kwetu akimwambia mwenye taa ile njoo, njoo, naye akajibu jinsi anavyojibu mtu aliyengoja sana: njooni nyinyi. Tuko huku.

Miaka ishirini na sita. Nilipanda mapipa, nilipigwa, nilipoteza nyumba mbili, nikidai watolewe. Sasa nilikuwa nimesimama ukingoni, na mtoto begani, na tochi mkononi iliyokuwa inawaka vizuri sana. Nilijua ishara tatu tu. Ya kusimama nilishatoa. Ya kuita, kama ningeitoa, sijui nani angekuja, wala angekuja kwa nani ndani ya nyumba yetu.

Nikachora mduara.

Ilinitazama. Sina neno lingine. Nikachora tena. Ndipo taa ikazama, taratibu, bila kuyumba, jinsi anavyoshuka ngazi mtu mtiifu aliyeambiwa na mkubwa wake.

Nsama alinikuta nimetumbukiza mikono kwenye beseni la maji. Nilimweleza kwamba mtoto alitoka, kwamba kulikuwa na majerabo, kwamba nimemuwahi. Hakugomba. Alimkagua Besa kichwa mpaka nyayo, akamlaza, akaja kuweka sufuria jikoni. Besa, kutoka chumbani, alikuwa anasema peke yake: karudi nyuma, karudi nyuma.

Nsama alichota unga, akaanza kusonga nshima. Mwaka ule wa zege alikuwa na miaka minane. Usiku na mchana alikaa dirishani kwangu, chumba cha taa, akiangalia ubao na taa zetu za njano zikirudishwa.

"Baba," akasema bila kugeuka, "hiyo taa ilikuwa ya rangi gani?"

Nilitazama malengelenge ya mikono yangu. Nimewaita watu waongo kwenye mikutano ambayo siwezi kuihesabu.

"Nyeupe," nikasema.

Aliendelea kusonga, mwiko ukizunguka polepole, na hakuondoa sufuria motoni hata baada ya harufu ya kuungua kujaa nyumba nzima.